Matumbo ya Mabinti Zetu

Baba Wawira,

Natumaini mgongo umekuachilia kidogo, na kwamba mvua imefika Karurumo kabla kahawa haijaanza kumwaga maua. Mama yako naye, magoti yanamruhusu kwenda kanisani? Sisi huku Leeds tuko wazima sasa. Hilo neno "sasa" nimeliandika kwa makusudi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimempa mwenzangu wa kazini anayerudi Meru wiki hii, kwa sababu kwa simu unanikatiza, na meseji zangu unampa binamu yako Njagi akusomee na kukueleza maana. Hii isome mwenyewe. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Nianze na huyo Njagi, ili nimalizane naye. Mtu aliyeacha kozi ya mifugo baada ya muhula mmoja, leo Karurumo nzima inamwita Daktari. Duka moja, kaunta moja, upande huu chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe, upande ule antibayotiki za watu. Na lile koti jeupe analojivunia, alilonunua kwenye mitumba pale Embu mjini! Nikiwa nyumbani sikujua maana ya yale maandishi ya mfukoni. Nimeishi huku, nimeyajua. Hilo ni koti la bucha. Mwuza nyama fulani wa Ulaya alilitupa, na ndilo analovaa akidunga watoto wetu vidole.

Wawira alipoanza kuumwa tumbo kule shule ya bweni Kaaga, ulimpeleka kwake. Akamdunga kidole, akaangalia kile kiplastiki chake, akatangaza ni H. pylori, bakteria wa tumbo. Akampa vidonge vya siku tano. Mtoto akapata nafuu, mkashukuru Mungu. Mwezi uliofuata maumivu yakarudi, akapewa vingine. Mara ya tatu akapewa kapsuli nyekundu na ile chupa ya unga wa kahawia wa "kuosha utumbo mpaka ubaki safi." Ukanipigia simu ukiwa na furaha, kwamba Njagi amemsafisha. Kusafisha! Kana kwamba utumbo wa mtoto ni mtungi wa maziwa.

Aliponifikia huku alikuwa mwepesi kama fagio. Unakumbuka nilivyokuambia ni uchovu wa ndege. Haukuwa uchovu. Alikuwa anaogopa chakula. Anakula vijiko vitatu, anashika hapa chini ya kifua, anaenda chooni, anarudi amekunja uso kama bibi mzee. Nikampeleka kwa daktari wa mtaa. Usifikiri nitawasifu hawa wa huku. Yule kijana hakumgusa hata tumbo. Aliangalia kompyuta yake tu, akasema ni wasiwasi wa kuhama nchi, ajaribu kulala vizuri. Nikamwambia mimi ni nesi. Akatabasamu vile mtu anamtabasamia mtoto aliyesema yeye ni rubani.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu nikiwa kazini, kule makao ya wazee. Wawira ameanguka shuleni. Nilimkuta hospitalini ana midomo myeupe. Damu ilikuwa chini sana, na choo chake cheusi, cheusi kama lami. Alikuwa na kidonda tumboni kinachovuja polepole, nami nesi nilikuwa nikiishi naye nyumba moja bila kujua.

Walimlaza, wakamtia damu, wakaingiza kamera tumboni, wakachukua kipande kidogo cha nyama wakipime. Baada ya siku kadhaa daktari wa watoto, mama mmoja mtaratibu wa umri wangu, akaja na majibu, akataka kujua Wawira amewahi kumeza dawa gani. Wawira akazitaja zote, kwa rangi.

"Alikupa nani?" daktari akauliza.

"Ankol yangu. Ako na duka."

"Duka la nini?"

Unajua Wawira hajui kudanganya. Akasema, "La dawa za ng'ombe. Na za watu."

Daktari akaweka kalamu chini. Baba Wawira, nimefagia nyumba za watu kabla sijapata cheti changu, nimesimangwa na wazee wasiojua hata majina yao, lakini aibu ya dakika ile sijawahi kuionja.

Kisha akanieleza kwa upole, nami nakueleza wewe kwa sababu Njagi hatakueleza. Huyo H. pylori anakaa kwenye ukuta wa tumbo lenyewe, huku juu. Chini yake, kwenye utumbo, wako bakteria wengine wasiohesabika, na wengi wao ni wa faida. Wanasaidia kusaga chakula na kuukinga mwili. Akasema kwa vijana wa umri wa Wawira, walio na yule wa juu mara nyingi hata wale wa chini wanakutwa wamebadilika, wengine wamepungua na wengine wamezidi. Ni nani hasa anamvuruga mwenzake, akakiri kwamba hata wao bado wanachunguza. Nilimheshimu kwa hilo. Njagi hajawahi kukosa kujua kitu.

"Lakini zile dawa za nusunusu," akasema, "hazikumuua huyu wa juu. Zilimfundisha kuzizoea. Moja kati ya hizo sasa haimfanyi kitu kabisa. Waliokufa ni wale wa chini, tuliokuwa tukiwahitaji."

Nikamuuliza, "Yaani tulifukuza majirani tukamwachia mwizi nyumba?"

"Ndiyo," akasema. Hakucheka.

Wawira akapewa dawa zilizochaguliwa baada ya kumpima huyo bakteria mwenyewe, siku kumi na nne, bila kuruka hata moja. Nilizisimamia kama askari jela. Baadaye tukangoja wiki kadhaa, akarudi kupuliza pumzi kwenye kijimfuko cha kupimia. Bakteria hayupo tena. Ameisha. Lakini utumbo ulichukua muda wake. Miezi mizima githeri yetu ya mahindi na maharagwe ilimkimbiza chooni. Nilimuuliza daktari kama kuna kitu cha kununua tuharakishe, akaniambia nisinunue chochote kinachojitangaza, nimpe maharagwe kidogokidogo, mboga, maziwa lala, na subira. Wiki iliyopita alikula sahani nzima ya mukimo, akaomba tena. Nilienda kusimama kwenye veranda ili asinione.

Sasa, nilipokueleza hayo kwa simu, ulinijibu nini? "Njagi anasema alimjua huyo bakteria kabla ya Wazungu." Na kwamba amesimama kanisani kushuhudia!

Ni kweli, alipatia. Atakosaje kupatia, wakati hakuna kidole kilichowahi kudungwa pale kikakosa bakteria? Amempata kwa katekista, kwa mwenyekiti wa akina mama, kwako wewe mwenyewe unayekula nduma tatu na kulala kama gogo. Kile kipimo chake cha damu kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana naye. Wengi wanatembea na huyo bakteria na hawaumwi siku hata moja. Ndiyo sababu kwa watoto hawapimi ovyo na hawatibu ovyo. Mimi hayo nilifundishwa, na bado nilinyamaza. Wawira alinipigia kwa simu ya matroni kutoka Kaaga akilia, nami nesi mzima nikamwambia, "Kunywa maji moto, uende darasani." Namdharau Njagi, lakini kosa langu mwenyewe nalijua lilipo. Usidhani nimejisahau.

Ndipo Jumapili ukaniambia kama habari ya kawaida kwamba Makena wetu naye analalamika tumbo, kwamba Njagi amemdunga, amempata na bakteria, na ameanza zile kapsuli nyekundu. Mtoto wa miaka kumi na tatu! Sikukujibu kwa sababu ningetamka maneno ambayo wanandoa hawasahau. Nilimpigia mama yako azichukue kapsuli hizo, na amezichukua. Usimgombeze.

Jana Wawira alimpigia mdogo wake kwa video. Nilikuwa jikoni, nikawasikia.

"Inauma wapi?"

"Hapa."

"Hapa juu ama chini?"

"Zote."

"Ukikaa njaa ama ukishakula?"

"Sijui."

"Usiku inakuamsha? Ukienda choo inakuwa rangi gani?"

"Sijaangalia."

"Makena, mimi najua vile inauma. Wewe hujui."

Nilisikia mtoto akivuta kamasi. Kisha akasema, "Si wewe uliumwa tumbo ukapelekwa kwa mama."

Niliacha sufuria motoni ikaungua.

Hivyo ndivyo ilivyo, Baba Wawira. Msichana anamkosa mama yake miaka mitatu, binamu yako anamdunga kidole na kumwandikia kapsuli, na wewe na mimi tunakubali, kila mmoja na simu yake mkononi. Hakuna mmoja wetu aliyemuuliza yale aliyoulizwa na dada yake.

Hata hivyo mpeleke hospitali kubwa pale Embu, aonwe na daktari wa watoto, ubebe na pakiti ya zile kapsuli wajue amemeza nini na kwa siku ngapi. Kama hutaweza, kaka yangu wa Mikinduri ameshakubali kuja kumchukua. Yeye haongei sana, unamjua, na akifika Karurumo atapitia kwanza kwa Njagi.

Nisalimie mama yako, mwanamke pekee hapo nyumbani anayejua kupokonya dawa bila kuuliza ruhusa. Msalimie dada yako mwalimu, aendelee kumpitia Makena masomo ya hesabu. Nawasalimu mashemeji wote wa shamba la juu, na mzee jirani anayetulindia ng'ombe. Njagi simsalimii.

Makena mwambie hivi, kwa maneno yangu: nimeomba likizo, nimepewa, nakuja Desemba. Na hata kama tumbo haliumi, nakuja.

Ni mimi, mkeo,
Mama Wawira na Makena