Taa za wenye bati

Hirbadaw, Jumanne jioni

Na ile taa imewashwa tena. Gwandu, jirani yangu, amepewa sola ya msaada. Mimi ninaandika kwa koroboi, na nina wivu, jambo lisilomfaa mtu wa umri wangu.

Kosa ni langu. Mafundi wa sola walipokuja kwenye mkutano wa kijiji nilisimama kueleza, kama kawaida yangu, kwamba paa la udongo la tembe hulowa na kuinama wakati wa masika. Nilitaka watuletee nguzo za kufungia paneli. Wao wakaandika: wenye bati tu. Basi mwenye nacho ameongezewa, na sisi wa tembe tumeachiwa moshi. Si haki, na nitawaandikia barua.

Lakini leo sikuwaza haki. Gwandu aliniita kutoka uani kwake. "Shikamoo, mwalimu. Njooni mkae kwetu, mwanga unatosha."

"Marahaba. Macho yangu yamezoea koroboi."

Mke wangu akacheka. "Macho yako, sawa. Kifua changu hakijazoea." Akachukua ungo wake wa maharage.

Nikamwambia aende tu. Sasa nawasikia wakiongea kule, naye hajakohoa hata mara moja.