Matairi Membamba

Dada yangu,

Sisi tupo, na mtoto ameota meno mawili.

Habari kubwa huku ni matairi. Nimeyatoa yale mapana ambayo mume wangu alikuwa anaringia, nikafunga membamba na rimu nyepesi, ili gari litumie mafuta kidogo. Fundi alijaza upepo vizuri, akauliza kama nina safari. Nikasema naenda sokoni tu.

Mume wangu anawaambia majirani kwamba amepata mke anayejua kubana matumizi. Ila jana aliligusa tairi kwa mguu, akaniangalia weee, akasema, "Na haya yatakufikisha wapi?" Nikacheka. Mkono bado umevimba tangu mara ile, lakini usukani naushika.

Unajua kituo cha mafuta kati ya huku na kwako ni kimoja, na anayeuza pale ni mdogo wa mume wangu. Zamani tangi lilikuwa linakauka hapohapo mlangoni kwake. Nimelijaribu gari mjini humu wiki nzima. Safari hii tutapita bila kusimama.

Usinijibu, barua zinazoingia anazifungua yeye. Ijumaa acha geti wazi.

Mdogo wako