Kilichomuua Mdogo Wangu

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu iwe imeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua tu. Mwandiko hutautambua, ila ukijua ni wa nani usiichane kabla hujaimaliza. Miaka kumi na minane hakuna aliyekuandikia kutoka kwetu.

Naandika wodini, karatasi gotini. Mwanangu wa miaka sita alishikwa na tumbo upande wa kushoto, akatapika, akawaka homa. Zahanati walimbonyeza upande wa kulia, hakupiga kelele, wakasema si kidole tumbo, ni minyoo. Siku ya tatu nikamkimbiza hospitali amejikunja kama kamba. Mpiga eksirei alipoona moyo uko kulia alijitukana kwamba ameigeuza picha, akarudia. Ikatoka vilevile. Daktari mpasuaji, mama mcheshi, alisema mtoto huyu kaumbwa kama anayejitazama kwenye kioo: ini kushoto, bandama kulia, na kidole tumbo kushoto. Hata yeye ilibidi ahamie upande wa pili wa meza, mikono imemchanganya. Lakini kilikuwa kimeshapasuka. Ametolewa usaha, ana mpira tumboni, na homa haijashuka.

Kisha akaniuliza kama kwenye ukoo kuna aliyekufa kwa tumbo. Shangazi, nikamtaja mdogo wangu.

Naye alishikwa na tumbo kushoto vilevile, akatapika vilevile. Daktari hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpasua, ila anasema maumbile haya hufuata damu. Nyumbani walisema kilichomuua ni maziwa uliyomnywesha siku ile. Walisema hivyo kwa sababu mimi nilidai nimekuona ukitia kitu kikombeni.

Sikuona kitu. Niliachiwa nimwangalie, alipolia nikafunga mlango, nikaenda kucheza. Nikaogopa fimbo, nikakutaja wewe. Nilikuwa na miaka minane, sawa. Lakini nimekua, nimezaa, na bado nilinyamaza ukiitwa muuaji.

Jana nilimpigia baba nikamweleza yote. Akakata simu. Wengine nitawaambia mmoja mmoja. Wakinifukuza, na wanifukuze.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba wanao na wajukuu zako wapimwe moyo uko upande gani, kabla tumbo halijawauma.

Wasalimie watakaokubali salamu zangu. Muuguzi amekuja kubadilisha bandeji, niende nimshike mtoto mikono.

Ni mimi, binti wa kaka yako, niliyekusingizia.