Gari la Mume Wangu Halipandi Mawe, na la Kwangu Nimelificha Kabatini

Mpendwa mshauri, shangazi yangu ambaye sijawahi kukuona, naomba msaada wako na naomba usinicheke kwanza, ucheke ukishanijibu, maana jambo lenyewe ni la gari la kuchezea na mimi ni mama mzima wa miaka arobaini na mbili. Nafanya kazi duka la miwani, nakaza skrubu na kunyoosha fremu zilizokaliwa, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na grili za madirisha, wenzake karakanani wanamwita Nondo, na kweli ni nondo, akishapinda upande mmoja kumnyoosha ni kazi.

Mambo yalianza mwaka jana watoto wetu wote wawili walipokwenda shule ya bweni, nyumba ikawa kimya, tukawa tunakula tukitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni, mpaka Jumamosi moja tukapita nyuma ya uwanja wa mpira tukakuta watu wamelizunguka lundo la mawe makubwa wanaendesha magari ya rimoti, si yale ya kukimbia, haya yanatambaa polepole, yanapanda jiwe baada ya jiwe na kupita katikati ya vijiti viwili viwili, likigusa kijiti ni kosa, likipinduka ni kosa, ukilinyanyua kwa mkono ni kosa, na mwenye makosa machache ndiye mshindi. Jamaa mmoja akanipa rimoti kwa utani, nami nikalipitisha gari lake mahali ambapo wanaume watatu walikuwa wameshindwa, watu wakapiga makofi, na mume wangu njia nzima ya kurudi nyumbani anarudia maneno yaleyale, "Mke wangu, una mkono wewe. Nitakujengea gari, utaona."

Shangazi, akajenga. Miezi minne, kila akitoka kazini anapitiliza uani, hata maji hanywi, nasikia chuma kinakatwa, naona cheche, na mimi namshikia taa na kumpa vifaa, tukaanza tena kuzungumza kama zamani, tunabishana, tunataniana, mpaka jirani akaniuliza kama kuna mgeni. Kisha kitu kikatoka. Fremu ni ya vyuma bapa vilevile vya mageti, juu kuna kizimba cha nondo eti nikipinduka gari lisipondeke, na juu ya kizimba kuna keria ya mizigo yenye maua ya chuma yaliyosokotwa, yale wanayoagiza watu wenye nyumba za ghorofa, na limepakwa rangi ya samawati kwa sababu anajua ndiyo niipendayo. Ukilibeba unainama. Ni zuri, sikatai, ungeliona ungetaka uliweke sebuleni, lakini halipandi, linapanda jiwe la kwanza, linapanda la pili, la tatu linanyanyua pua, linawaza kidogo, kisha linalala chali magurudumu yakizunguka hewani.

Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Siku ya kwanza aliniuliza, "Vipi?" nami nikaiona mikono yake ilivyoungua cheche mpaka kwenye viwiko, ulimi ukaniponyoka, nikasema, "Zuri mno, tena hicho kizimba kimenipa moyo." Basi nikawa nimejichongea, kesho yake kaongeza nondo mbili kwenye kizimba, nikasema asante, wiki iliyofuata kaweka bampa, nikasema maua nayo yanapendeza, kaongeza maua, yaani kila nikisifu chuma kinaongezeka, na likipinduka ananiambia kwa upole, "Unaminya kwa pupa, mama watoto, tuliza kidole," na mimi natuliza kidole, mtu mzima na akili zangu, huku najua kidole hakina kosa.

Yaliponifika shingoni nikaanza kuagiza vipande kimoja kimoja, nikawa najenga la kwangu dukani saa ya chakula cha mchana kwa bisibisi zangu za miwani, fremu nyembamba ya alumini, gia za mwendo wa taratibu, magurudumu yote manne yamefungwa yazunguke pamoja hata moja likiwa hewani, matairi laini yenye sponji ndani, na betri nimeilaza mbele, chini kabisa, ili uzito usikae juu. Lilipopanda mara ya kwanza lundo la maboksi ya miwani nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Nalificha kwenye kabati la fremu za kizamani ambazo hakuna mteja anayezitaka. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja kupimwa macho akanikuta nalipandisha kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akalitazama, akanitazama, akasema, "Wifi, ungekuwa na mwanamume mwingine ningejua pa kuanzia. Hili sasa nimwambieje kaka yangu?" Nikamsihi anyamaze. Amenyamaza, ila kila akija kwetu analiona lile la samawati anauma midomo asicheke.

Pale kwenye mawe kuna shindano Jumamosi ya wiki ijayo. Fomu nimeshaijaza kwa siri na nimeandikisha la kwangu, kwa sababu nataka kushinda, sitaki kukudanganya na wewe, lakini nilipoisoma vizuri nikaona kanuni inataka kila dereva aje na mwelekezaji, yaani mtu wa kusimama karibu na mawe amwonyeshe dereva gurudumu lipite wapi, na mume wangu keshajiteua, na keshawaalika mafundi wote wa karakana waje walione gari lililotoka mikononi mwake. Sasa nifanyeje, nichukue la kwake nipinduke mbele ya watu nimlindie heshima, au nichukue la kwangu nimvunje moyo mbele ya wenzake, au nisingizie naumwa tumbo siku hiyo? Tena hata la kwangu lina kasoro, kwenye mwinuko mkali pua inakuwa nyepesi na gari linarudi nyuma, nimebandika vipande vya bati kwa gundi ndani ya magurudumu ya mbele vikabanduka vyote. Na sina wa kumuuliza, maana mtu ninayemuuliza kila kitu ni yeye.

Ni mimi, Mwenye Gari Kabatini.

JIBU LA MSHAURI

Mwanangu, uliniomba nisicheke kwanza, nimeshindwa. Nimecheka nimefuta machozi, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Habari ya tumbo ifute kabisa. Tumbo lako halijakukosea chochote.

Unaniandikia kwamba mumeo amejenga gari zito. Mmelijenga wawili, yeye kwa mashine na wewe kwa mdomo. Fundi humsikiliza mteja, na mteja wake kila wiki anamwambia chuma kitamu, ulitaka aache kwa lipi? Akija mtu dukani kwako, miwani inamchuna sikio, akakwambia imemkaa sawasawa, kisha akarudi baada ya miezi miwili na kidonda, utamlaumu nani? Nakuelewa, mwanangu. Mikono iliyoungua kwa ajili yako ni vigumu kuiambia ukweli, na siku ile ya kwanza hata mimi ningesema zuri. Lakini mimi ningesema mara moja. Wewe umefululiza, na mwenzio amekuwa akiongeza chuma na kukulaumu kwa kidole wakati jibu unalo wewe.

Tena hiyo ya kupinduka makusudi ili umlindie heshima usiithubutu. Unadhani wale mafundi wa karakana ni vipofu? Watu wanaonyanyua mageti tangu asubuhi wanaujua uzito kwa macho, wataona kwenye jiwe la tatu tu. Na ukienda na la kwako bila kumwambia, mumeo atakuwa amesimama kwenye mawe, wenzake nyuma yake, anaelekeza gari ambalo hajawahi kuliona. Hapo ndipo utakapomvunja moyo kweli, na kombe hata ukilishinda hutajua uliweke wapi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako inaishia kwenye lile lundo la mawe.

Sasa, kwa kuwa magari haya mimi siyajui, nilimpigia simu jamaa yangu mmoja anayehukumu mashindano ya namna hiyo, nikamweleza habari ya pua nyepesi. Hata sikumaliza. Akasema, "Mama, huyo gari lake ni zuri, anachokosa ni uzito wa chini. Atengenezewe pete nene za chuma zikae ndani ya rimu za mbele, zimechongwa sawasawa zisicheze hata kidogo. Bati na gundi hazimfikishi popote. Mwambie atafute fundi wa chuma mwenye mkono mzuri."

Mwanangu, fundi wa chuma unamjua?

Lakini sikiliza, usije ukakimbilia hapo. Najua akili yako imeshaanza kutembea: nitampelekea zile rimu, nitamsifia, nitamwambia hakuna mwingine awezaye, na katikati ya sifa nitapenyeza habari ya kabati. Hapana. Sifa zako ndizo zilizotufikisha hapa. Ungama kwanza, pete baadaye, na akikataa kuzichonga wiki hii, shindana bila pete na usimnunie.

Mwambie leo. Barua yako nimeipitisha mbele ya barua za wengine kwa sababu ya hiyo Jumamosi, na gazeti hili, nijuavyo mimi, karakanani hufungiwa misumari. Ukichelewa atasoma habari zake mwenyewe akiwa anatafuta skrubu, na wifi yako hatakuwa na midomo ya kuuma tena.

Mwambie uani, mkiwa wawili tu, akiwa ameshaweka vifaa chini. Usilie, usizunguke mbuyu. Sema hivi: "Gari ulilonijengea linapinduka kwa sababu uzito uko juu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza nikakuficha, na nimejenga jingine. Nimekukosea." Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini", usieleze ulivyomhurumia, mtu mzima hapendi kuambiwa alihurumiwa. Pengine atashika ufagio afagie uani pasipo na taka. Mwache afagie. Lile la samawati usilitolee ushauri wowote, kama litakatwa kizimba au litawekwa sebuleni lilivyo, hiyo ni kauli ya aliyelijenga, naye akilipeleka Jumamosi mafundi wenzake wakayaone maua, libebeni wote wawili kwa heshima.

Ataumia, sikufichi. Lakini umeniambia ni fundi, na fundi hawezi kukaa muda mrefu bila kutaka kukiona kitu kilichopanda pale ambapo cha kwake kilianguka. Ufagio ukisimama atasema, "Haya, lilete nilione." Liwe karibu, betri imejaa. Atalipindua, atalinusa, ataligongagonga, na ninakuhakikishia ataona mahali fulani ulipokaza vibaya. Usijitetee. Kaa chini palepale kando yake, mwambie, "Nionyeshe." Chakula kitapoa. Kiacheni kipoe.