Mrija Wangu Unanuka Petroli

Nombuso, nimefika nchi kavu sasa hivi.

Unaujua ule mrija wangu wa kupumulia, unaokunjwa ukaingia mfukoni? Ule ninaowahubiria wapiga mbizi kila asubuhi hapa Sodwana: msishuke bila mrija wa akiba, mtungi ukiisha hewa ndio utakaowaokoa juu ya maji.

Leo tumeibuka, boti haipo. Mtungi wangu mtupu, mawimbi yananipiga makofi usoni. Nikautoa mrija kwa madaha, wageni wanne wananitazama. Nikavuta pumzi.

Petroli!! Shosti, PETROLI!

Nilikohoa mpaka machozi. Bibi mmoja wa miaka sabini akanishika mkono: "Mwalimu, shika wangu, tupokezane." Mwalimu! Nusu saa nzima nanyonya mrija wa bibi wa watu.

Ndipo akaja Mthandeni, nahodha wetu, boti yake inakokotwa na wenzetu, tena anafoka: "Dada, leo mrija umeuficha wapi? Injini imezima, petroli iko kwenye dumu, na huwa naivuta kwa mrija wako!"

Huwa. Amesema HUWA.

Na kesho asubuhi nina wageni sita wa kuwahubiria.