Sauti Nne za Wimbo wa Feruzi

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Barua yangu ya habari kwa gazeti imeondoka na treni. Habari tatu: maji ya ng'ombe huko Ziba, paa jipya la soko, mkutano wa mafundi viatu. Ya nne nimeizuia. Haijakamilika.

Inamhusu Bi Tatu binti Feruzi, mshona kofia wa nyuma ya soko. Kabla ya reli baba yake alikuwa kiongozi wa wapagazi wa pembe za ndovu, Tabora hadi pwani. Alitunga wimbo wa safari. Bi Tatu anayo maneno, beti tano. Sauti hana. Baba alimtamkia tu. Wimbo wa njia, alisema, hauimbwi chini ya paa. Unamtoa mtu nyumbani.

Bi Tatu ana miaka sitini, hana mtoto. Akifa, Feruzi amekwisha. Kanieleza hivyo huku sindano yake ikiendelea.

Ijumaa anapita mtu wa redio na mashine ya kunasia sauti. Ameandika kwamba vipande vya nyimbo hachukui.

Jumanne, 4 Agosti
Petro Kasanda amefika kutoka Usinge na debe la asali ya kuuza. Mkulima, Mkatoliki, mcheshi. Mwezi uliopita tulikaa behewa moja, akawa anavumisha wimbo, mdomo umefumbwa. Ni wa marehemu baba yake, aliyebeba mizigo chini ya Feruzi. Maneno hayajui. Maneno yalikuwa ya kiongozi. Mpagazi wa kawaida alivumisha tu.

Yeye ana sauti, Bi Tatu ana maneno. Nilidhani kazi ya saa moja.

Tumekaa uani kwa Bi Tatu mpaka adhuhuri. Haviingiani. Nimehesabu. Kila mstari wa Feruzi una mizani nane:

Bwana wa pembe hachoki,
Bega linalia langu.

Sauti ya Petro ina kumi na mbili. Nane za kupanda na kushuka, kisha nne fupi, za chini, zote sawa. Mm, mm, mm, mm. Kila mstari.

Jumatano, 5 Agosti
Siku mbaya. Nilipendekeza kwamba kila mstari umepoteza neno mwishoni. Petro akaanza kujaza: "jama zangu", "twende sote". Yanaingia vizuri. Ni uongo.

Bi Tatu akaweka kofia chini.

"Baba yangu hakusahau neno."

"Basi, mama, baba yangu ndiye aliyezidisha," Petro akasema. "Alipewa mzigo wa watu wawili, akaimba wimbo wa watu wawili."

Bi Tatu hakucheka. Alisema afadhali wimbo ufe mzima kuliko kuishi na viraka. Kisha akanigeukia: "Nawe, Bwana Gazeti, habari ikipungua huwa unaijaza hivyohivyo?"

Swali la haki.

Ugumu wa pili: wimbo hauna mwisho. Ubeti wa mwisho kiongozi aliutunga upya kila safari, pale alipoona mji wake. Safari ya mwisho Feruzi alirudi kwa treni, bila mzigo. Hakutunga.

Nimekata tamaa kidogo.

Alhamisi, 6 Agosti
Asubuhi nilikwenda na Petro kumuaga Bi Tatu, debe lake begani, tayari kwa soko. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Bi Tatu alikuwa anakwenda sokoni kununua uzi. Tukaongozana, watatu.

Njiani Petro akaanza kuvumisha. Nane, kisha nne. Kwenye zile nne, vifundo vya vidole vyake viligonga debe. Ko, ko, ko, ko. Mwenyewe hakujua.

Nikamwomba asisimame. Nikamuuliza baba yake alibeba nini mkononi. Fimbo, akasema, kila mpagazi alikuwa na fimbo ya kugongea mzigo.

Hakuna neno lililopotea. Zile nne ni fimbo. Baba yake, alipoacha kubeba, alizigonga kwa mdomo.

Bi Tatu alikuwa nyuma yetu. Nikasikia maneno yakiingia, mizani nane, kisha debe. Alikuwa anaimba. Watu wa sokoni wakatupisha. Beti tano, bila kiraka.

Siku mbili tuliutafuta wimbo wa wapagazi, wote tumekaa kwenye viti. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Ijumaa, 7 Agosti
Mtu wa redio alitaka chumba, kelele zisiingie. Bi Tatu alikataa paa. Yule bwana alitaka pia asimame karibu na mashine. Bi Tatu alikataa kusimama. Nilidhani yule bwana ataondoka. Akatazama saa, akaitoa mashine nje, uani.

Wakazunguka uani, Petro na debe, Bi Tatu nyuma. Beti tano zikaisha. Petro akaendelea kuvumisha, akimsubiri. Wakazunguka mara moja nzima. Kisha Bi Tatu akautunga ubeti wa mwisho:

Reli imebeba pembe,
Jina la baba nabeba.

Debe mara nne. Mashine ikazimwa. Yule bwana akauliza jina la mtunzi. Bi Tatu akasema ni Feruzi. Petro akasema, "Na binti yake." Yote mawili yameandikwa.

Jumatatu, 10 Agosti
Habari ya nne imekwenda. Petro yuko Usinge. Tarehe ya wimbo kutangazwa redioni haijulikani.

Jioni Bi Tatu amepita mlangoni kwangu akitoka bombani, ndoo kichwani. Hakuniona. Vidole vyake viligonga ndoo mara nne, na maji hayakumwagika.