Kwa Jepchumba Wetu, Uliyezikwa Bila Kuliliwa

Mwaka umezunguka, Jepchumba, tangu udondoke kwenye stesheni ya treni ukitoka bungeni Berlin kurudi nyumbani kwako. Walituambia ni mshipa wa kichwani uliopasuka, na kwamba hukusikia maumivu. Walijuaje? Ulikuwa na miaka thelathini na minne. Jumapili iliyotangulia ulikuwa umemcheka Mama kwa kuvaa sweta Sydney mwezi wa Novemba, joto lote lile.

Tunakuandikia kutoka Rooty Hill, hapa Sydney, sisi watu wako. Wengine wanaosoma wasikie tu.

Ulitoka Eldoret kwenda Ujerumani kuwa yaya wa watoto wa watu, Kijerumani chako chote kikiwa ni asante na samahani. Ukasomea uuguzi, ukaajiriwa katika nyumba ya wazee kwenye mji ule mdogo wa kaskazini, ukapata uraia. Wazee uliokuwa ukiwaogesha ndio waliokusukuma ugombee ubunge. Ulipotutumia picha ya uso wako umetundikwa kwenye kila mlingoti wa taa, Mama alishika kifua akakupigia simu. "Kwani umefanya nini, mpaka wanakutafuta hivi?" Ulicheka hadi simu ikakuponyoka. Mama hakucheka mpaka alipokuona umekaa kwenye kiti chako bungeni.

Kulikuwa na mtu aliyeandika kwenye picha hizo kwamba urudi kwenu. Ulichukua ndoo na sponji ukazisafisha mwenyewe mchana kweupe, na kila aliyepita ukamsalimia. Ndivyo ulivyokuwa, mkaidi wa kutabasamu.

Habari za wakubwa hatukuzisikia kwako hata ulipokuwa mmoja wao. Mdomoni mwako kulikuwa na basi tu. Basi la vijijini lililofutwa, na bibi mmoja ambaye hakuwa na njia nyingine ya kufika kwa daktari. Ulilipigania kama vile ni Mama aliyesimama pale akilisubiri kwenye baridi. Limerudi, tumeambiwa. Linapita kila asubuhi na wewe hupo. Tusemeje, tushukuru?

Na Jumapili zako! Ulipiga simu ukiwa jikoni, sufuria inachemka, unauliza kila mtu amekula nini. Ulimwambia Kibet, shemeji yako, "Shemeji, geuza camera nione sinki." Akikutwa na vyombo vichafu, hapo hakuna salamu mpaka vioshwe. Sasa Jumapili ikifika Kibet huosha vyombo bila kuulizwa, na ukimtazama machoni utajua kwa nini.

Daktari alimkataza Mama kupanda ndege kwa sababu ya presha. Alienda kaka yako Kiprop peke yake, sisi tukakuzika kwa simu, sebuleni. Tuliona wakubwa waliovaa nyeusi, tarumbeta moja, maua mengi, kimya. Kila mmoja akatupa udongo kidogo, akaondoka. Mama akaisukuma simu. "Hawa watu mbona hawalii? Mtu hazikwi hivi. Huyo si mwanangu."

Hapo ndipo alipogoma. Akiulizwa kanisani ana watoto wangapi, hujibu watatu, mmoja yuko kazini Berlin. Tulimwachia, tukidhani yataisha. Hayakuisha.

Dada yako Cherotich alijifungua msichana mwezi wa Agosti, mvua ikinyesha, ndiyo maana tukamwita Jerop. Lakini unajua kwetu mtoto hupewa pia jina la marehemu wa ukoo. Wanawake humpakata, huyaita majina ya waliotangulia moja moja, na jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Huyo ndiye aliyerudi. Asiyepewa jina hulia, na Jerop alilia mpaka Cherotich naye akawa analia chooni. Daktari alisema ni gesi. Kibet naye, "It's just gas, babe, itapita." Shangazi Jerotich akapiga simu kutoka Kapsabet.

"Gesi gani? Mtoto analilia jina. Mwiteni Jepchumba. Hakuacha mtoto, atarudi wapi kama si hapo?"

Mama akakata simu. Mtu aliye hai haitwi hivyo, ni mwiko. Kwa hiyo kuliita jina lako ni kukiri kwamba umekufa. "Nikiliita," akamwambia Cherotich, "ni mimi nimemzika."

Jumamosi iliyopita Cherotich alimpigia Mama magoti, mtoto mikononi. Wanaume tuliwatoa wakae uani. Ninahazwe, jirani yetu Mrundi, akakaa mlangoni kama shahidi, maana hapa hatuna mabibi wa kutosha. Mama alianza na nyanya zetu. Kimya. Akaita shangazi zetu waliolala. Kimya, mtoto analia tu. Akafumba macho, halafu akaita kwa sauti iliyofika barabarani.

"Jepchumba!"

Ndipo Mama akalia. Alilia kile kilio ulichonyimwa makaburini, mpaka majirani wakatoka kwenye nyumba zao. Jerop akanyamaza. Alimtazama nyanya yake machoni, ametulia kabisa, nasi tukangoja chafya.

Haikuja.

Mama akaita tena, na tena. Ninahazwe akamshika bega. "Mama, umuache apumuzike, mutoto amechoka."

"Bado," Mama akasema. "Huyu wangu huchelewa. Kazi yake ni nyingi."

Tangu siku hiyo humpakata Jerop kila asubuhi na kukuita. Jana tulimsikia akikubembeleza, akikuahidi kwamba hatakugombeza kwa kukawia.

Tulikaa kuandika tangazo hili tukitaka kusema kama wanavyosema watu, upumzike kwa amani. Tumeshindwa, Jepchumba. Usipumzike. Mama anaisha. Njoo.

Ni sisi: mama yako, kaka yako Kiprop wa Ingleburn, dada yako Cherotich na shemeji yako Kibet, shangazi yako Jerotich wa Kapsabet, na Jerop, ambaye nafasi ya jina lake tumeiacha wazi.

Hatutachoka kukuita.